Ayurveda na Siku za Baada ya Homa

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie Ayurveda, tiba ya kale ya India, na mtu anayeinuka kutoka kwenye maambukizi ya njia ya hewa: mafua makali, mkamba, nimonia, au vile virusi vya mwaka 2020 vilivyotufanya sote tuanze kusikiliza pumzi zetu. Niseme mapema ninachokiamini, msije mkakitafuta katikati ya maneno. Ndani ya Ayurveda mna mambo mawili. Mna dawa, yaani mizizi, majani, unga na mafuta. Na mna utaratibu wa kumlea mtu aliyeachwa na homa lakini hajarudiwa na nguvu zake. Dunia imezichukua dawa ikazitia kwenye chupa na kuziuza. Utaratibu umebaki vitabuni, na mimi naona huo uliobaki ndio wenye thamani kubwa zaidi. Muda mwingi wa leo nitautumia hapo.

Tuanze na mwili wenyewe. Kuta za ndani za njia ya hewa zimefunikwa na chembe zenye vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hutikisika usiku na mchana vikisukuma kamasi na vumbi kuelekea kooni. Virusi vya mafua huziua chembe hizo kwa wingi. Homa inaposhuka, mwili umeshinda vita, lakini utando wa njia ya hewa bado una majeraha. Chembe mpya huchukua wiki kadhaa kukua na kukomaa, na kwa muda wote huo makohozi hayasukumwi vizuri, na neva za kooni zinashtushwa na kitu kidogo tu: hewa baridi, kicheko, harufu ya manukato. Ndiyo maana mtu anasema "nimepona" huku bado anakohoa.

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walikusanya tafiti zilizofuatilia kikohozi cha ghafla kwa watu wazima, wakakuta kwamba kwa wastani hudumu karibu siku 18. Walipowauliza watu wa kawaida wanadhani kitadumu siku ngapi, majibu yakawa kati ya siku 7 na 9. Hebu fikirieni hizo siku tisa, kumi zilizopo katikati. Hapo ndipo mgonjwa anapokata tamaa. Anarudi kudai antibiotiki, ambayo virusi haiviwezi hata kidogo. Ananunua dawa ya maji ya tatu, halafu ya nne. Anarudi kazini kwa hasira, anazidiwa, analala tena. Wakati huo wote mwili wake ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa, ila hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo ina muda wake.

Waandishi wa kale wa India walilijua jambo hili kwa kutazama. Charaka Samhita, kitabu chenye jina la tabibu Charaka kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, kina sura ndefu sana kuhusu homa. Sushruta Samhita, kitabu kingine cha kale, kinaizungumzia pia, na Vagbhata, aliyeandika Ashtanga Hridaya karne kadhaa baadaye, aliyapanga upya maarifa ya vitabu vyote viwili kwa mashairi ili wanafunzi wayahifadhi. Hawakujua virusi wala bakteria. Waliuelezea ugonjwa kwa vata, pitta na kapha, nguvu tatu ambazo kwao ndizo zinazouendesha mwili, na kikohozi chenye makohozi mazito walikiweka chini ya kapha. Siwaambii kwamba kapha ni kitu kinachoweza kupimwa maabara. Hakipimiki. Lakini watu hao walikaa karibu na vitanda vya wagonjwa kwa vizazi vingi, na mtu akikaa karibu na mgonjwa kwa muda mrefu huona mambo ambayo mwenye haraka hayaoni.

Jambo moja waliloliona ni kwamba mwenye homa hana njaa, na kwamba hali hiyo haipaswi kupigwa vita. Walisema agni, moto wa usagaji chakula, umefifia. Chakula kikiingia hakisagwi, kinageuka kuwa kile walichokiita "ama", yaani uchafu mzito unaoziba njia za mwili. Mkimtazama vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, anavyompokea mgonjwa wa kifua, mtaona maswali yake mengi hayahusu kifua. Anamwambia atoe ulimi. Anatazama kama una utando mweupe, mzito, unaonata, na kama utando huo umefika hadi ncha au umeanza kujitoa pembeni. Anauliza: asubuhi uliamka na njaa? Jana chakula kilikukalia tumboni kwa muda gani? Mwili unauhisi mwepesi au mzito? Choo je? Ndipo anashika mkono kusikiliza mapigo. Nimeipenda sana desturi hii ya kumuuliza mgonjwa habari za njaa yake, kwa sababu njaa inayorudi ni habari njema ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuisoma bila kipimo chochote.

Basi mwanzoni mwa homa waliagiza langhana, kuupunguzia mwili mzigo: kula kidogo au kutokula kwa muda mfupi, na kunywa maji ya moto kidogo kidogo. Kwa mwenye kiu na homa walichemsha maji pamoja na mimea sita, tangawizi kavu ikiwa mojawapo, wakayaita shadanga paniya. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: mafundisho hayohayo yanawatoa watoto, wajawazito, wazee na waliodhoofika katika kufunga. Mtu anayemshindisha mtoto mwenye nimonia bila chakula kwa jina la Ayurveda hajaisoma Ayurveda. Mtoto anyonyeshwe, apewe maji, apewe chakula kila anapokubali.

Sasa njaa imerudi. Hapa ndipo uzuri wa utaratibu huu unapoonekana.

Vitabu vinapanga chakula kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni manda, maji ya wali yaliyochujwa, bila punje. Inafuata peya, uji wa mchele mwepesi sana, wenye punje zilizolainika kabisa zikielea. Kipimo kilichozoeleka ni sehemu moja ya mchele kwa sehemu 14 za maji. Kisha vilepi, uji mzito, sehemu moja kwa nne. Kisha wali laini. Kisha mchuzi wa choroko, kwanza mwepesi bila mafuta, halafu wenye samli kidogo na chumvi. Na kwa yule aliyekonda sana, supu ya nyama. Nawaona wengine mnashangaa. Wengi hudhani Ayurveda hairuhusu nyama. Charaka anaagiza supu za nyama waziwazi kwa waliodhoofishwa na maradhi ya muda mrefu.

Kuipika peya ni kazi ya subira. Mchele huoshwa mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, huwekwa kwenye sufuria pana, na maji yakishachemka moto hupunguzwa. Kipande cha tangawizi kilichopondwa hutiwa mapema ili ukali wake upungue. Baada ya muda punje hupasuka ncha, zinavimba, maji yanakuwa mazito kidogo na kung'aa juu. Chumvi hutiwa mwisho. Mgonjwa hupewa ikiwa ya moto wa kustahimilika, kwenye bakuli dogo, na husubiriwa. Akiimaliza na baada ya saa tatu, nne akasema ana njaa tena, hapo anastahili kupanda ngazi. Akisema tumbo limejaa, anabaki palepale. Anayeongoza ngazi hiyo ni njaa yake. Kalenda haihusiki.

Vagbhata ametoa mfano ambao sijapata wa kuushinda. Anasema moto mdogo ukilishwa nyasi na samadi kavu polepole huwa mkubwa na imara, na ndivyo moto wa tumbo unavyokuzwa kwa uji na vyakula vinavyoufuata. Alikuwa anamzungumzia mtu aliyesafishwa mwili kwa dawa kali, lakini maneno yake yanamfaa kabisa mtu aliyelala na homa siku tano bila kula kitu cha maana. Mtu huyo, kwa mapenzi ya ndugu zake, siku ya kwanza anayoinua kichwa huwekewa sahani iliyojaa mafuta na nyama. Anakula ili asiwaudhi. Usiku anacheuka, tindikali inapanda kooni, kikohozi kinaamka upya, na hakuna anayeihusisha sahani ile na usiku ule. Daktari yeyote wa kifua atawaambia kwamba tindikali inayopanda kooni huchochea kikohozi. Kwa hiyo chakula chepesi, kidogo, kilichopikwa, na cha jioni kiliwe mapema kabla ya kulala. Hapo kale na sasa vinakubaliana bila kuvutana.

Nimefika kwenye pumziko, na naomba mnivumilie, kwa sababu hili linanigusa.

Charaka, akimzungumzia mtu aliyeachwa na homa, anamkataza mambo manne hadi nguvu zirudi: mazoezi, tendo la ndoa, kuoga, na kutembeatembea. La kuoga tusilichukue lilivyo. Maji ya vuguvugu hayana neno, na mtu anayepona anahitaji usafi. Lakini tazameni kiini cha agizo. Anaonya kwamba asiyetii homa humrudia, na homa ya kurudi humkuta mtu ameshachoka. Hata wale ambao homa haikuwarudia, mwaka 2020 na miaka iliyofuata tuliona watu wengi waliobaki na uchovu mkubwa kwa miezi baada ya UVIKO-19, na kati yao wapo ambao kila walipojilazimisha kufanya zaidi ya uwezo wao, kesho yake walianguka kitandani. Kliniki zinazowahudumia zinawafundisha kugawa nguvu zao kwa uangalifu, wafanye kidogo na wapumzike kabla hawajachoka. Tumelazimika kujifunza upya jambo ambalo lilikuwa limeandikwa.

Tatizo ni kwamba pumziko halina muuzaji. Mwajiri halitaki, na mgonjwa mwenyewe analionea aibu. Ndiyo maana nasema kwa sauti: mama aliyetoka kwenye nimonia akikuta siku ya tatu anasubiriwa na ndoo za nguo, hakuna unga wa mizizi utakaomsaidia. Anayetaka kumpa Ayurveda amwondolee ndoo.

Sasa dawa. Sizidharau hata kidogo, na baadhi zina historia ya kustaajabisha.

Kuna mti mdogo unaoitwa vasa, ambao wanasayansi wanauita Justicia adhatoda. Majani yake yametumika India kwa kikohozi tangu enzi za vitabu hivyo. Ndani yake mna kemikali iitwayo vasicine. Wanakemia wa Ulaya waliichukua kama kielelezo wakatengeneza bromhexine, dawa ya kulainisha makohozi iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960. Kisha ikagundulika kwamba mwili huigeuza bromhexine kuwa ambroxol, nayo ikawa dawa peke yake. Wengi wenu hapa mmewahi kuinywa mojawapo ya hizo mbili kutoka duka la dawa mkidhani haihusiani kabisa na majani ya India.

Pilipili ndefu, pippali, ina habari yake pia. Mwaka 1929 ilichapishwa taarifa kwamba vasa ikichanganywa na pippali hufanya kazi zaidi kwa wenye pumu. Baadaye watafiti wa Jammu, kaskazini mwa India, walichunguza sababu wakaifikia piperine, kemikali ileile iliyomo katika pilipili manga, ambayo huzuia ini na utumbo visiivunje dawa haraka. Mwaka 1998 utafiti uliofanyika India ulionyesha kwamba piperine kidogo iliongeza karibu mara 20 kiasi cha curcumin, kemikali iliyomo katika kiungo kiitwacho manjano, kinachoingia kwenye damu ya binadamu. Bila pilipili, sehemu kubwa ya curcumin hupita tumboni na kutoka. India ilifika hadi kuidhinisha kidonge cha kifua kikuu chenye dawa ya rifampicin kidogo kuliko kawaida kwa sababu kimechanganywa na piperine.

Basi uwezo huohuo unatakiwa ututie hofu ya heshima. Kama piperine inaizuia manjano isivunjwe, inaweza kuzizuia na dawa nyingine: phenytoin ya kifafa, theophylline ya pumu, propranolol ya moyo. Pilipili ya kwenye chakula si tatizo. Vidonge vya dondoo ya pilipili kwa mtu anayetumia dawa hizo ni jambo la kumuuliza daktari au mfamasia kwanza.

Mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote kwa kikohozi kinachobaki ni sitopaladi. Hesabu yake ni rahisi kukumbuka: sehemu 16 za sukari ya mawe, 8 za vamshalochana, ambayo ni mabonge meupe yanayopatikana ndani ya mianzi, 4 za pippali, 2 za iliki, 1 ya mdalasini. Kila kimoja ni nusu ya kilichotangulia. Husagwa kimoja kimoja, huchekechwa kwa kitambaa, kisha huchanganywa, na mgonjwa huilamba kijiko kidogo pamoja na asali. Harufu ya iliki hutangulia, utamu unafuata, na ukali wa pippali hufika mwisho kooni. Watu wenye kisukari wataona mara moja tatizo lao: zaidi ya nusu ya unga huo ni sukari, na asali inaongezwa juu yake. Hao wauache.

Asali yenyewe ina ushahidi ulio bora kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa. Mwaka 2018 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliitaja asali miongoni mwa mambo ya kujaribu kwanza kwa kikohozi cha ghafla, kabla ya kufikiria antibiotiki. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli, ambavyo utumbo wake haujaweza kuvizuia. Vitabu vya Ayurveda vinakataza kuichemsha asali. Sababu wanazotoa sizithibitishi, lakini hakuna hasara kuiweka wakati kinywaji kimepoa kidogo, na ladha hubaki.

Urukususu, ule mzizi mtamu ambao Ayurveda huuita yashtimadhu, hutuliza koo kweli. Ukiutumia kwa wingi na kwa wiki nyingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na mjamzito wauepuke.

Mwezi Machi 2020 wizara ya AYUSH ya India, inayosimamia Ayurveda, yoga na tiba nyingine za asili, ilitoa ushauri wa kujikinga: maji ya moto, kinywaji cha tulsi, mdalasini, pilipili manga, tangawizi kavu na zabibu kavu, na nusu kijiko cha manjano kwenye maziwa ya moto. Tulsi ni jamaa wa mrihani. Wizara ilieleza wazi kwamba haikuwa ikidai kuutibu ugonjwa. Ushauri ulipokuwa ukisafiri kutoka simu hadi simu, sentensi hiyo ilidondoka njiani, na watu wakanywa vikombe vitano, sita kwa siku mpaka wakapata vidonda vya mdomo na kiungulia. Kikombe kimoja au viwili chepesi kwa siku kinatosha. Kazi yake ni kuliburudisha koo, kukupa maji na joto, na kukufanya uketi chini kwa dakika kumi.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyanyamazia.

La kwanza ni giloy, mmea unaoitwa pia guduchi, uliopata umaarufu mkubwa wakati wa UVIKO-19. Kati ya Septemba na Desemba 2020 madaktari wa Mumbai walikutana na wagonjwa sita walioumia ini baada ya kuutumia, wakachapisha taarifa hiyo mwaka 2021. Wizara ilijibu kwamba huenda ulichumwa mmea mwingine unaofanana nao. Kwa mgonjwa jibu hilo haliondoi hatari. Kama wachumaji wanakosea, basi wewe unayenunua unga kwenye mfuko utajuaje? Ukiona macho yamekuwa ya njano au mkojo mweusi wakati unatumia mmea wowote, uache siku hiyohiyo na uende ukapimwe ini.

La pili ni madini. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walinunua nyingine 193 kwa intaneti, na takriban moja kati ya tano ilikuwa na madini hayo. Baadhi ya dawa hizo hutiwa madini kwa makusudi, kufuatana na tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra, kwa imani kwamba kuyachoma mara nyingi huondoa sumu. Sikubaliani na imani hiyo. Risasi ndani ya mwili wa mtoto haina kiwango salama. Viungo mnavyovijua kwa macho na pua, mkavisaga wenyewe, vinatosha kabisa kwa kazi tunayoizungumzia.

La tatu ni mvuke na mafuta ya puani. Kujifukiza huleta nafuu ya muda, sipingi, lakini hospitali hupokea watoto waliomwagikiwa na maji ya moto kwa sababu ya bakuli lililowekwa magotini. Mtoto akae tu bafuni penye mvuke, mbali na chombo cha maji ya moto. Matone ya mafuta puani, yaitwayo nasya, kwa mtu mzima yafanywe na anayejua. Kwa mtoto mchanga yasifanywe kamwe. India kwenyewe yameripotiwa matukio ya watoto wachanga waliopata nimonia kwa sababu samli waliyotiwa puani au kinywani iliingia mapafuni. Na anayeosha pua kwa maji ya chumvi atumie maji yaliyochemshwa na kupozwa. Mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa kwa sababu maji ya bomba waliyooshea pua yalikuwa na amiba anayeshambulia ubongo.

Na hakuna hata kimoja katika hivi kinachochukua nafasi ya hospitali. Charaka alizitaja aina tano za shida ya kupumua, na tatu kati yake akazihesabu kuwa za kifo, zisizo na tiba. Hakuwa na oksijeni. Hakuwa na antibiotiki. Sisi tunavyo, na kumzuia mgonjwa wa aina hiyo nyumbani kwa kikombe cha tulsi ni kumrudisha katika wakati ambao tabibu alikuwa na uwezo wa kutabiri kifo tu. Mwenye kupumua kwa shida akiwa ameketi, mwenye kuchanganyikiwa, mwenye midomo ya bluu, anayetema damu, au ambaye kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 92 au chini, apelekwe mara moja. Homa iliyoondoka siku mbili ikarudi kwa nguvu huweza kuwa bakteria walioingia nyuma ya virusi, na hao wanahitaji dawa yao. Kwa watoto, hesabuni pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi hadi kutimiza mwaka, 40 au zaidi hadi miaka mitano, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa. Kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Kumbukeni pia kwamba antibiotiki ikishaanzwa kwa agizo la daktari inamalizwa kama alivyoagiza, uji na pumziko vikiwa pembeni yake.

Nimalizie na pumzi na mwendo, maana mtu hawezi kulala milele.

Homa ikishakwisha kabisa, pumzi laini za yoga zinaweza kuanza, zile za polepole tu. Zile za kusukuma hewa kwa nguvu kwa tumbo ziachwe hadi mapafu yatulie. Ninayoipendekeza zaidi ni bhramari: unavuta hewa kwa pua, unaitoa polepole ukivumisha sauti ya "mmm" huku mdomo umefungwa. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walipima hewa ya puani wakakuta kuvumisha sauti kunaongeza gesi ya nitriki oksaidi inayotoka puani mara 15 kuliko kutoa pumzi kimya. Hilo halithibitishi kwamba linatibu maambukizi, ila linaonyesha hewa inazunguka hadi kwenye vyumba vya mifupa ya uso. Na kutoa pumzi ndefu humtuliza mtu aliyezoea kuhema kwa hofu. Mara tano, sita, ukiwa umeketi wima, na ukisikia kizunguzungu unaacha.

Kuhusu mazoezi, waandishi wa kale waliweka mpaka wa nusu ya nguvu. Alama walizozitaja za kuufikia mpaka huo ni jasho kutokea kwenye paji la uso, puani na kwapani, mdomo kukauka, na pumzi kuanza kutoka kwa mdomo badala ya pua. Kwa anayepona, mpaka huo unaweza kufikiwa kwa kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Basi hapo ndipo ageukie. Kesho aangalie ameamkaje: kama ameamka na njaa na mwili mwepesi, aongeze hatua chache, kama ameamka amevunjika viungo, arudi nyuma siku mbili. Kifua kikimbana au moyo ukimwenda mbio akiwa amepumzika, asijaribu tena mpaka daktari amsikilize.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Walio na maswali wayalete, na wenye wagonjwa nyumbani waanze.